Mbingu ya Kuazima

Wengi wanaotulinganishia gemu za kurusha ndege hawalinganishi kitu. Wanaonyesha picha tu. Wanakuwekea mawingu ya gemu hii kushoto, mawingu ya gemu ile kulia, wanapiga muziki wa taratibu, halafu wanatangaza mshindi. Mshindi ni yule yule siku zote, Microsoft Flight Simulator, na sababu ni ile ile: inapendeza. Basi, imekwisha. Hamna anayeuliza ndege yenyewe inarukaje, dunia ile imehifadhiwa wapi, nani kaichora nchi iliyo chini ya mabawa, na siku kampuni ikichoka mchezaji atabaki na nini mkononi.

Sisi watu wa vitabu tungemcheka mhakiki wa namna hiyo. Mtu anakuandikia aya kumi kuhusu riwaya, zote zinasifia jalada na weupe wa karatasi. Ungemuuliza: ndugu yangu, kitabu umekisoma? Ndiyo maana naileta hoja hii hapa kwenye ukumbi wa tahakiki na siiachii kurasa za teknolojia. Gemu ya kurusha ndege ni kazi ya maelezo kama kazi nyingine. Kuna watu wamekaa, wameitazama dunia, wakaamua kipi kiingie, kipi kiachwe, na kipi kikisiwe tu. Kazi ya namna hiyo inasomwa.

Na msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye kukasirika akasirike mapema: kwa mtu anayerukia nyumbani, kwa kompyuta ya kawaida na bando la kununua, gemu inayosifiwa kuliko zote ndiyo inayomwachia kidogo kuliko zote. X-Plane inamwachia zaidi. FlightGear, ambayo hata kutajwa haitajwi, na pale inapotajwa ni kwa kuchekwa, inamwachia zaidi ya hiyo.

Tuanzie mbali kidogo, maana hizi picha nzuri ni jambo la juzi. Bruce Artwick, mhandisi aliyesoma Chuo Kikuu cha Illinois, alitengeneza gemu yake ya kwanza ya ndege kwa kompyuta ya Apple II mwaka 1979, chini ya kampuni ya subLOGIC. Ilikuwa mistari mitupu. Mlima ni pembetatu, ardhi ni miraba. Mwaka 1982 Microsoft wakatoa kazi yake kwa kompyuta za IBM, na mchezaji akawa anaanzia Meigs Field, kiwanja kidogo kando ya Ziwa Michigan, Chicago. Ubaya wa sura yake ungewafanya wahakiki wetu wa leo wazime mashine. Lakini watu walikesha nayo, kwa sababu nyuma ya ile mistari kulikuwa na hesabu. Ukiinua pua ya ndege bila kuongeza nguvu ya injini, mwendo unashuka, bawa linaacha kubeba, unaanguka. Ukielewa kwa nini umeanguka, umejifunza kitu ambacho rubani wa kweli anakijua.

Kile kiwanja cha Meigs nacho kina kisa chake. Usiku wa tarehe 30 Machi 2003, Meya wa Chicago, Richard M. Daley, alituma matingatinga yakachimba alama kubwa za X kwenye njia ya kurukia. Asubuhi kiwanja hakikutumika tena, na ndege zilizokuwa zimeegeshwa zikabaki zimekwama pale pale. Leo ni bustani. Ila kwenye diski za watu Meigs haijafa. Mwenye nakala yake ya zamani anatua pale mpaka kesho, upepo wa ziwani ukimsukuma ubavuni. Meya ana amri juu ya lami, hana amri juu ya diski iliyo kwenye kabati la mtu. Hiyo ndiyo faida ya nakala, na mpenzi yeyote wa vitabu anaijua: kilichomo kwenye rafu yako hakifutwi usiku ukiwa umelala.

Sasa tazama historia ya kampuni yenyewe. Flight Simulator X ilitoka Oktoba 2006. Januari 2009 Microsoft wakaifunga studio iliyoitengeneza. Wakarudi Februari 2012 na kitu kinaitwa Microsoft Flight, kilichoanza na visiwa vya Hawaii, na kufikia Julai mwaka huo huo wakatangaza kuacha kukiendeleza. Mara mbili ndani ya miaka minne kampuni ilishuka garini na kuwaacha abiria njiani. Ni nini kiliwaokoa wapenzi wa ndege? Ile ile Flight Simulator X ya 2006 waliyokuwa nayo kwenye diski zao. Waliendelea kuirukisha, kuitengenezea ndege mpya, kuirekebishia viwanja, miaka na miaka baada ya waliyoitengeneza kufukuzwa kazi. Iliweza kuishi bila mzazi kwa sababu kila kitu chake kilikuwa nyumbani kwa mchezaji.

Toleo la Agosti 2020, lililotengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, lilibadilisha mpango huo. Dunia yake imejengwa kwa ramani na picha za Bing, data inayozidi petabaiti 2, yaani zaidi ya gigabaiti milioni 2. Hamna diski ya nyumbani inayobeba mzigo huo, kwa hiyo dunia inakaa kwenye seva na wewe unaletewa kipande unachokipitia. Toleo la 2024 likaenda mbali zaidi: hata vitu vingi vilivyokuwa vinakaa kwenye kompyuta yako sasa vinavutwa kutoka seva unapovihitaji. Siku lilipotoka, tarehe 19 Novemba 2024, seva zilizidiwa. Watu waliokwisha kulipa walikaa wanatazama mstari wa kupakia usiosogea, na wakuu wa mradi wakajitokeza kueleza kwamba mfumo umeelemewa na wingi wa watu. Yaani umenunua ndege, na unapanga foleni kuiona mbingu.

Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mtu atanijibu kwamba yale yalikuwa matatizo ya siku za mwanzo, yakarekebishwa. Sawa. Tuzungumzie basi siku ya kawaida, kwa hesabu ambayo wahakiki hawaigusi kwa kuwa wengi wao intaneti yao haina kipimo. Kwa toleo la 2024 watengenezaji wanapendekeza intaneti ya megabiti 50 kwa sekunde, na RAM ya gigabaiti 32. Kasi hiyo ikitumika yote kwa saa moja ni gigabaiti 22.5. Haitumiki yote muda wote, najua. Inapanda ukiwa juu ya mji na kushuka ukiwa juu ya bahari. Haya, tuseme inakula robo tu. Bado ni zaidi ya gigabaiti 5 kwa saa. Mwenye kununua bando kwa wiki aichukue hiyo namba aipeleke kwenye bei za mtandao wake mwenyewe, kisha aniambie safari ya kwenda Zanzibar na kurudi inamgharimu kiasi gani kabla hata hajawaza umeme. Hapo bei ya gemu, iliyoanzia dola 69.99 kwa toleo la chini kabisa, hatujaihesabu, wala kompyuta ya kuibeba.

Tugeukie X-Plane. Hii ni kazi ya Austin Meyer na kampuni yake ya Laminar Research ya South Carolina, Marekani, na ipo tangu 1995. Mawingu yake hayajawahi kushinda mashindano ya urembo. Kilicho chake ni namna ya kufikiri. Programu inalikata bawa vipande vipande, vivyo hivyo pangaboi na mkia, kisha inakokotoa hewa inavyokisukuma kila kipande, mara nyingi kwa kila sekunde, na kujumlisha. Ndege haijaambiwa "wewe ruka hivi". Inaruka hivyo kwa sababu ya umbo lake. Ndani yake kuna zana inaitwa Plane Maker: unachora ndege yako mwenyewe, unaipa bawa refu au fupi, injini moja au nne, kisha unaipeleka juu kuona kama inabebeka au inaanguka kama jiwe. Kijana anayependa uhandisi hapo amepata maabara. Na mandhari unayoichagua, Afrika peke yake ukitaka, unaishusha mara moja na inakaa kwenye diski yako. Nayo ni bidhaa ya kampuni, ina ufunguo wake na ni ya kulipia, sisemi ni sadaka. Ila ukiwa hewani haikuombi kitu.

Haki yao Asobo nao wapewe. Hesabu zao za hewa zimekuwa za kina zaidi kuliko zile za gemu za zamani za Microsoft, na 2024 walizisogeza mbele tena. Lakini tuseme ukweli, ni tahakiki ngapi umeona zinazungumzia hilo? Kama kuna jambo zuri ndani ya gemu hiyo, wasifiaji wake ndio wa kwanza kulifukia chini ya mawingu.

FlightGear sasa. Ilianza na pendekezo la David Murr mwaka 1996, watu waliochoshwa na gemu za kufungwa wakaungana kwenye intaneti kutengeneza ya kwao. Ni ya bure, na kila mstari wa programu uko wazi: unasoma, unabadilisha, unampa mwenzio. Inaendesha Windows, Mac na Linux. Mandhari unayashusha ukiwa kwenye intaneti ya chuo au ya ofisini, unaenda nayo nyumbani kwenye flashi, na ukimnakilishia jirani hujaiba. Unaitaka kujua kwa nini Cessna inavuta kushoto ukiongeza nguvu? Fungua faili, hesabu imeandikwa humo, namba kwa namba. Ina ubaya? Tele. Miji mingi ni mitupu, menyu zake zinahitaji subira, na ndege zake hazilingani, hii imetengenezwa kwa mapenzi ya miaka kumi, ile imeachwa nusu. Inanikumbusha hadithi zinazosimuliwa na watu wengi: kila mmoja kaongeza chake, mwingine kapotea njia katikati, lakini hadithi ni ya kijiji kizima na hakuna wa kuifungia kabatini.

Nimesema gemu hizi ni maelezo ya dunia. Basi swali ambalo mhakiki wa fasihi hawezi kulikwepa ni hili: nani anaelezea kwetu? Toleo la kawaida la Microsoft la 2020 lilikuja na viwanja 30 vilivyochongwa kwa mkono, na lile la bei ya juu kabisa 40. Katika 40 hivyo, bara zima la Afrika lilipata vitatu: Entebbe kwenye toleo la kawaida, na Cairo na Cape Town kwa aliyeongeza pesa. Masasisho ya dunia yalipoanza kutoka, ilitangulia Japani, ikafuata Marekani, kisha Uingereza, kisha Ufaransa na majirani zake. Sehemu iliyobaki, programu inatazama picha ya setilaiti na kukisia: hapa panaonekana kama paa, weka nyumba.

Na makisio hayo yanajulikana. Gemu ilipotoka, kasri la Buckingham mjini London lilionekana kama jengo la ofisi. Kwenye kitongoji cha Melbourne, Australia, wachezaji walikuta mnara mwembamba wa ghorofa 212 umesimama peke yake katikati ya nyumba za kawaida. Kisa chake ni kitamu. Mtu alikuwa akiingiza idadi ya ghorofa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri, akaandika 212 badala ya 2. Wenzake kwenye ramani wakaona kosa, wakalirekebisha. Lakini gemu ilikuwa imeshanakili, na mnara ukabaki umesimama. Kasri la malkia lilipata watu wa kulirekebisha haraka. Kariakoo ikikisiwa vibaya, tutasubiri foleni gani?

Hapa ndipo wengi hawajui kwamba tayari tumo ndani ya kazi hii, na si kama watazamaji. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walianza kuichora Kibera yao kwenye OpenStreetMap, mahali ambapo ramani zilikuwa zinaonyesha doa tupu. Kuanzia 2015, Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwapitisha wanafunzi wa vyuo na wakazi kwenye mitaa inayokumbwa na mafuriko, wakaandika mifereji, nyumba na vichochoro. Walifanya hivyo kwa ajili ya maji ya mvua, si kwa ajili ya gemu. Lakini X-Plane inajenga barabara zake kwa data ya OpenStreetMap. Ukipaa kutoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, na Kibera ikiwa jirani pale pale, kazi ya mikono ya wale vijana imo katika ramani iliyozaa nchi unayoiona. Kiwanja cha ndege kikikosewa, X-Plane inatoa bure zana ya kukichora upya na hazina ya pamoja ya kukipeleka, kikikubaliwa kinaingia kwenye gemu ya kila mtu. Data hiyo ya viwanja FlightGear nayo inaitumia. Mtu mmoja wa Tabora mwenye laptopu ya kawaida na uvumilivu anaweza kuurekebisha uwanja wa kwao, na mgeni wa Norway akatua juu ya kazi yake. Microsoft nao wana zana za kuongezea vitu, sikatai, na watu wanatengeneza viwanja vizuri. Lakini dunia ya chini, ile inayokisiwa, inabaki kwenye seva zao na kwa ratiba yao.

Najua nitaambiwa "sizitaki mbichi hizi". Eti nachukia picha kwa sababu kompyuta yangu haizibebi. Hapana. Picha zile ni nzuri kweli, na zina kazi: anayejifunza kuruka kwa kutazama ardhi anahitaji kuitambua pwani, barabara, kisiwa. Kama una mashine, una intaneti isiyo na kipimo na unataka kutalii ukiwa kochini, nunua, furahi, hakuna anayekuzuia. Ninachokataa ni utalii huo kuitwa kipimo cha gemu zote, na watu wasio na uwezo huo kuambiwa kwamba walicho nacho ni takataka.

Maana kuna watu wanaumia hapa. Kuna kijana kamaliza kidato cha sita, ndoto yake ni urubani, ada ya shule ya urubani haigusiki. Anatazama tahakiki, anaamini kwamba bila kadi ya grafiki ya mamilioni hawezi kuanza. Ama anawakamua wazazi, ama anakata tamaa. Hamna aliyemwambia kwamba muda wa kurusha ndege kwenye laptopu ya sebuleni hauingii kwenye daftari la saa za rubani, iwe picha zinang'aa au hazing'ai. Anachoweza kukipata kwenye gemu ni uelewa: bawa linabebaje, upepo unasukumaje, ramani inasomwaje. Na uelewa huo unapatikana bure, leo, kwenye kompyuta ya mitumba. Kumficha hilo kwa sababu mawingu ya FlightGear si mazuri ni dhuluma.

Kwa hiyo mtu mwingine akikuletea ulinganisho, mpe safari moja ya kupimia. Dar es Salaam kwenda Zanzibar, kilomita 70 na ushee, kama dakika 25 kwa Cessna 172. Achague msimu wa kusi. Akishapaa aelekeze pua kaskazini, Chumbe aione kabla ya mji, azunguke atue akielekea kusini, na ule upepo wa kusini mashariki umpige kutoka kushoto. Aangalie ndege inavyoteleza pembeni, aone kama usukani wa mkia unafanya kazi yake au ndege inanyooka yenyewe kwa uchawi. Akitua, aangalie kama njia ya kurukia iko pale inapotakiwa kuwa, na kama imekosewa, aseme nani anaruhusiwa kuisahihisha.

Halafu azime intaneti, aondoke Zanzibar, arudi Dar. Atuandikie alichokikuta chini.